Baraka Niliyoipangusa kwa Pindo la Kanga

Kwako Shangazi Mwantumu,

Mimi ni msomaji wako wa huku Endamarariek, gazeti lako hutufikia limechelewa na mara nyingine limeshafungiwa chumvi dukani, lakini tunalikunjua na kulisoma hivyo hivyo, na leo naomba na mimi unisikilize na unisaidie, maana nimefika mahali nikisema nyumbani naambiwa nimekosa, na nikinyamaza roho inaniuma.

Naitwa Cresensia, jina sifichi, wengine wanaokuandikia hujiita "mwenye majonzi" au "aliyekata tamaa", mimi sijakata tamaa na wala sijafanya jambo la aibu. Ni Mwiraqw, Mmbulu kama mnavyotuita huko mjini, Mkatoliki niliyebatizwa mtoto mchanga na padre mzungu mwenye ndevu mpaka kifuani, na sasa ni mwenyekiti wa kina mama wa kigango chetu. Kanisa letu ni la matofali ya kuchoma, na udongo wa matofali yale niliukanyaga kwa miguu yangu hii nikiwa na mimba ya Lukresia, kwa hiyo mtu asiniambie habari za dini kama vile nimeiokota jana njiani.

Huyo Lukresia ndiye kitindamimba wangu na ndiye fahari yangu, binti wa kwanza wa kijiji hiki kwenda chuo cha ualimu, na Serikali ilipompangia shule ya Nainokanoka kule juu Ngorongoro nililia, nikasema mwanangu ataliwa na baridi au nyati, lakini akaenda, akafundisha, na huko huko akampata Lembris, bwana mifugo, Mmasai. Sikukataa, Shangazi, naomba ulione hilo kabla hujaanza kunigombeza. Lembris alibatizwa alipokuwa sekondari, ni kijana wa haki, hanywi, na ndoa ilifungwa kanisani kwetu, kina mama wakaimba mpaka sauti zikakauka. Wazee wake ndio hawajabatizwa, baba yake anaitwa Ngoyai na mama yake Nalotuesha, wao wanashika imani ya wazee wao, na mimi nikasema moyoni, taratibu, Mungu atawafikia.

Sasa wamepata mtoto wa kike. Upande wa kule wamempa jina la Naisula, nami nikamchagulia la ubatizo Hyasinta, nikamshonea gauni jeupe mwenyewe, nikaenda kwa katekista tukaandikisha ubatizo Jumapili ya Pentekoste, maana padre akija kigangoni siku hiyo hatujui atarudi lini, magari na mafuta unajua yalivyo shida siku hizi. Kisha nikapanda kwenda kumwona mjukuu. Nilipata lori la mahindi, na kule juu ukingoni mwa kreta palikuwa na ukungu na tope, lori likateleza likageukia bondeni, nikapiga kelele "Looaa! Looaa weeh!" kama alivyokuwa akilia marehemu bibi yangu ambaye hakubatizwa, mdomo tu huo, hata watu wakacheka lori liliposimama.

Walinipokea vizuri, siwezi kusema uongo, walichinja, wakanipa maziwa, nikayanywa ingawa yalinukia moshi wa kibuyu. Nilikuwa nimejifunga kanga yangu mpya ile ya sherehe iliyoandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE, na wanawake wa pale wakaisifu. Nikakaa nimempakata mjukuu, ndipo akaingia Nalotuesha na kibuyu kingine kimechomekwa majani mabichi mdomoni, akawa anachovya yale majani kwenye maziwa, anatunyunyizia, anasema maneno, na wote wanaitikia "Enkai". Nikamwuliza Lukresia pole pole, huyo Enkai ni nani, akasema ndiye Mungu, na neno hilo hilo ndilo mvua, na katika lugha yao wanamtaja kwa namna ya mwanamke. Shangazi, nilihisi nywele zinasimama. Mungu ni mvua? Mungu ni mama? Nikafanya ishara ya msalaba, kubwa, waione.

Nalotuesha akaiona. Akauliza jambo kwa Kimasai, Lembris akaona aibu kulitafsiri, nikamwambia sema baba, mimi siogopi.

"Mama anauliza," akasema, "eti ni kweli kwamba mkienda kwenu pale kanisani mnakula mwili wa mtoto wa Mungu na kunywa damu yake?"

"Mwambie ni kweli," nikasema, "na ndio uzima wetu."

Nalotuesha akasema na Lembris akatafsiri, "Sisi tunakunywa damu ya ng'ombe, watu wanatucheka. Ya mtu hatujawahi." Na wanawake wote wakaziba midomo kwa shuka, wanatikisika mabega, wanacheka. Wanacheka Ekaristi, Shangazi, mbele yangu, mwenyekiti!

Nikavumilia. Kisha akanijia, akainama juu ya mtoto niliyempakata mimi, akamtemea mate. Siyo kwa bahati mbaya, kwa makusudi, pyu, kwenye paji la uso, huku akitabasamu. Sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe, nikashika pindo la kanga nikampangusa mtoto mpaka paji likang'aa, na nikasema kwa sauti, "Mtoto wa watu anatemewa mate kwa kosa gani?"

Hakuna aliyetafsiri na hakuna aliyehitaji tafsiri. Kicheko kilikwisha pale pale. Mzee Ngoyai akasema neno moja akatoka. Nalotuesha akachukua kibuyu chake, akajifunika shuka, naye akatoka, na mvua ilikuwa imeshaanza. Lembris akanichukua nje, mkwe wangu ambaye hajawahi kuniinulia sauti, akasema, "Mama, yale hayakuwa mate ya kumtemea adui. Ni baraka. Mzee akimpenda mtoto anampa kutoka kinywani mwake, amwachie maisha marefu. Wewe umeyafuta mbele ya aliyeyatoa. Kwa baba yangu ni kama umesema mtoto asiishi."

Nilimwambia sikujua, na kweli sikujua, lakini hata ningejua, Shangazi, mate ni mate.

Nikarudi Endamarariek nikidhani yataisha. Hayajaisha. Lukresia ameniletea habari kwa lori kwamba mtoto hatashuka Pentekoste mpaka bibi yake wa kule akubali kushuka naye. "Siwezi kumpeleka mwanangu kwa Mungu huku namfukuza bibi yake," ndivyo alivyosema, mtoto niliyemfundisha Baba Yetu mimi mwenyewe. Na huyo Nalotuesha alipoombwa aje alisema hana hasira, ila haji. Alisema, "Mwambieni mama yule mate yangu ni hayo hayo tu. Sina mengine."

Pentekoste inakaribia, gauni liko tayari, nimeshawatangazia kina mama, na mume wangu Wilibrodi, badala ya kuniunga mkono, kila siku ananiambia neno moja tu, "Panda Nainokanoka," nami namwambia apande yeye. Kumwomba radhi mtu kwa sababu nimemkinga mjukuu wangu na mambo ya kipagani siwezi, nitakuwa nimemkana Kristu kama Petro. Naomba uandike, kwa herufi kubwa, kwamba ubatizo wa mtoto si wa kususiwa na kwamba binti amsikilize mama yake. Lukresia anakusoma, wewe atakusikia. Naogopa padre atakuja na kuondoka na mjukuu wangu atabaki vile vile, na binti yangu atakuwa amebaki kule juu na mimi huku chini na kati yetu msitu wote ule.

Jambo moja tu sijamwambia mtu. Ile kanga sijaifua. Kila nikiishika nipeleke kwenye maji naikunja tena naiweka. Sijui ni kwa nini, wewe labda utajua.

Ni mimi,
Cresensia, Endamarariek

SHANGAZI MWANTUMU ANAMJIBU

Mama Lukresia, shikamoo kwa kanisa la matofali. Nimekusoma mara mbili, ya kwanza nilicheka, ya pili nilinyamaza. Pole kwa moyo wako, maana naona unaumia, na mtu mwenye kiburi akiumia huumia mara mbili kwa sababu hana wa kumlilia. Ila herufi kubwa sikupi. Ukitaka herufi kubwa, soma kanga yako. MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Pale Nainokanoka mgeni alikuwa nani kama si wewe? Na nani aliyepona? Mwenyeji ametoka nyumbani kwake akaingia kwenye mvua!

Sasa nisikilize, nami nitakwambia jambo ambalo hutalipenda.

Mimi ni Mwislamu wa Kondoa, na Uislamu wangu sijauuza wala sitauuza, lakini nilisoma shule ya masista, na Jumapili sisi watoto wa kiislamu tulikuwa tukisimama nje ya mlango wa kanisa tukichungulia. Siku moja akaletwa mtoto kubatizwa. Padre wa kizungu, ndevu kama za huyo wako, akasema maneno ya Kilatini, halafu nikamwona kwa macho yangu analowesha kidole gumba kwa mate ya kinywa chake mwenyewe, anampaka mtoto masikioni na puani. Nilikimbia mpaka nyumbani. Nikamwambia mama, "Wakristo wanapakana mate!" Mama yangu alikuwa anachambua mchele, hata kichwa hakuinua. Akasema, "Na wewe ulipozaliwa, ile tende uliyopakwa mdomoni, unadhani aliyeitafuna kwanza nani?"

Alikuwa babu yangu, Mama Lukresia, na meno yake nayajua yalivyokuwa. Sijawahi tena kukimbia mlangoni pa mtu.

Nilipopata barua yako nilikwenda kumwuliza jirani yangu Mzee Piusi, ambaye alikuwa katekista toka enzi hizo, kama mimi niliota. Hukuota, akasema, ndivyo ubatizo ulivyokuwa kabla Kanisa halijabadilisha ibada miaka hii ya karibuni, na padre alikuwa akisema "Efata", maana yake funguka, kwa sababu Yesu wenu alimponya kiziwi kwa mate na kipofu kwa tope la mate. Haya. Wewe ulibatizwa mtoto mchanga na padre mwenye ndevu. Siku hiyo bila shaka bibi yako alikuwa amesimama pale, yule wa kulia "Looaa", na huyo kila siku alikuwa akimwomba Mungu aliyemwita mama. Ndiyo, mama! Waulize wazee wenu wa Kiiraqw Looaa ni nani, kama hujui, ingawa nadhani unajua, maana lori lilipogeukia bondeni hukumwita Mtakatifu yeyote, ulimwita yeye. Enkai akiwa mama unasimama nywele, Looaa akiwa mama unapiga kelele akuokoe. Basi bibi yako huyo aliona mzungu asiyemjua, anayenuka tumbaku, anampaka mjukuu wake mate. Na hakukupangusa. Ukristo wote unaojivunia, na una haki ya kujivunia, umepita kwenye mkono wa mwanamke mmoja asiyebatizwa ambaye alijizuia.

Hapo ndipo ulipokosea, na si mahali pengine. Kushangaa si kosa. Imani ya mwenzako ukiitazama kutoka mlangoni utaona vituko vitupu, mate, majani, maji, mkate. Nalotuesha naye alichungulia yenu akaona watu wanakunywa damu ya mtu, na sasa nikuulize, ni nani kati yenu alishtuka zaidi? Yeye aliuliza. Alicheka, sawa, hakupaswa kucheka, na hilo umwambie, lakini kwanza aliuliza, kisha akaja kumbariki mtoto aliyekuwa mikononi mwa mla-watu! Wewe hukuuliza. Swali lako lilikuja pamoja na kanga.

Tena acha hilo jina la Petro. Petro alimkana Bwana wake kwa sababu aliogopa watu. Wewe unaogopa kina mama wa kigango watasema mwenyekiti amekwenda kuomba radhi umasaini. Sikwambii uamini anavyoamini Nalotuesha. Mimi siamini mkate wenu ni mwili wa mtu, na nitakufa siamini, na masista walijua, na walinipenda hivyo hivyo. Ila siku walipopita na hiyo Ekaristi nilikuwa nasimama wima na kunyamaza, kwa sababu nilijua wanapita na kitu wanachokipenda kuliko roho zao. Hilo tu ndilo unalodaiwa, na halipunguzi hata ukucha wa Ukristo wako.

Unaniuliza kwa nini hujaifua kanga. Unajua vizuri sana kwa nini. Mikono yako imeelewa mapema kuliko kichwa chako. Baraka ile haikupotea, ulimnyang'anya mtoto ukakaa nayo kwako. Umeikunja, umeiweka, na kila ukiipeleka kwenye maji moyo unakataa. Mtu aliyeona ni mate matupu angeshaifua siku ile ile aliyofika.

Kwa hiyo fanya hivi, na usifanye nusu. Mumeo Wilibrodi amekushauri kwa maneno mawili kile ambacho mimi nimekitumia ukurasa mzima: panda Nainokanoka. Panda wiki hii, usingoje lori zuri. Usimtume katekista, usimtume Lembris, na usiende na maelezo. Chukua kanga ile kama ilivyo. Ukifika, nenda kwanza kwa Nalotuesha kabla ya kwenda kwa binti yako, na kwa kuwa yeye ni mwanamke kama wewe aliyemzaa baba wa mtoto kama wewe ulivyomzaa mama yake, mwite mwenzangu. Mfungeni mtoto kwa kanga hiyo. Kisha inama wewe, mwenyekiti, uwe chini ya kinywa chake pamoja na mjukuu, umwambie kwa Kiswahili, kwa Kiiraqw, kwa lugha yoyote utakayoiweza, kwamba umemrudishia kilicho chake akitoe upya. Kama kitakufikia na wewe usoni, vumilia. Uzee unakuja na wewe unahitaji maisha marefu.

Halafu, na hili usilisahau kwa furaha ya kupatana, mweleze na yeye ya kwenu. Mwambie Ekaristi ni nini kwako, pole pole, wewe mwenyewe, siyo Lembris. Mwambie ilikuumiza walipocheka. Mwanamke aliyesema "mate yangu ni hayo hayo tu, sina mengine" ana akili ya kukuelewa, na nadhani ana kiburi kama chako, ndiyo maana mmeumizana vizuri namna hii. Huyo mtoto ana bahati. Wapo watoto ambao hawana hata bibi mmoja wa kuwagombania, yeye ana wawili, na kila mmoja yuko tayari kukosana na dunia ili Mungu amtazame mjukuu wake. Kwa hilo jivune, nimekuruhusu, hata mimi ninawaonea fahari na siwajui.

Na wewe Lukresia, najua unasoma. Umemtendea mama yako haki kwa kukataa, ila usimpokee na uso wa mwalimu. Yeye ndiye aliyekanyaga udongo ule na mimba yako.

Bado neno moja, la Pentekoste. Nalotuesha atakuja, nina hakika, na muweke mbele, siyo kwenye benchi la mwisho karibu na mlango kama nilivyokuwa nikisimama mimi. Padre atamwaga maji kwenye kichwa cha mtoto. Na mimi, niliyechungulia ubatizo mwingi, najua kinachofuata: kuna mama atakunyooshea taulo umkaushe. Mama Lukresia, hapo ndipo Nalotuesha atakapokutazama kwa macho mawili aone kama baraka yenu mnaipangusa kama mlivyoipangusa yake. Likatae hilo taulo. Hata mtoto akilia, hata matone yakiingia kwenye gauni jeupe ulilolishona. Mwache Hyasinta Naisula akauke mwenyewe.